Kinyozi Aliyenunua Mngurumo

Kinyozi hakununua gari. Alinunua mngurumo, gari likaja nyuma yake kwa sababu viwili hivyo haviuzwi kimoja kimoja, na shida zote zilianzia hapo.

Tumwelewe kwanza kabla hatujamcheka, maana kumcheka tutamcheka tu. Mtu aliyeshika mashine ya kunyolea tangu ujana wake hufanya kazi kwa sikio kuliko kwa jicho. Ukimletea kinyozi huyu mashine mpya, haangalii boksi wala haulizi imetengenezwa wapi. Ataiwasha, ataisogeza sikioni, atafumba macho, kisha atasema "hii nzima" au "hii haimalizi mwezi." Na hakosei. Vinyozi wenzake wa mitaa ya jirani walikuwa wakimletea mashine zao azisikilize kabla hawajatoa hela. Sifa zikamwingia kichwani, zikatafuta kiti, zikakaa. Akafika mahali pa kuamini kwamba kila kinachonguruma, kuanzia friji mpaka treni, kinapimika kwa sikio lake la kulia.

Gari lenyewe lilihitajika kwa ajili ya mama mkwe wake. Bibi, kama watu wote walivyomwita, aliishi peke yake juu ya mlima, mwisho wa njia ya mawe na udongo mwekundu ambayo hata mbuzi waliipanda kwa kupumzika. Nyonga yake ilikuwa imechoka. Msimu wa mvua uliopita aliteleza uani alipokwenda kufungia kuku, akalala pale chini mpaka asubuhi jirani alipomwona. Tangu hapo mke wa kinyozi hakupata usingizi wa maana. Mvua ikipiga bati tu, anaketi kitandani. Alitaka mama yake ashuke akae nao walau miezi ya mvua, kwa kuwa mvua zikikolea ile njia hugeuka uji, na hakuna apandaye wala ashukaye mpaka jua lirudi.

Bibi hakukataa kushuka. Aliweka sharti moja tu, na akishaweka sharti huyo mama, bora ukabembeleze jiwe.

"Nitashuka na gari lililopanda mpaka mlangoni kwangu," alisema. "Gari la kunisubiri chini ya mlima silitaki. Hilo limekuja kuchukua, halikuja kurudisha."

Alikuwa na sababu. Mjane mwenzake wa nyumba ya pili alibebwa mgongoni na wajukuu mpaka barabarani, eti aende kupimwa macho, wiki moja tu. Kule chini akapewa chumba kizuri na televisheni, na kila alipouliza lini anarudi kwake aliambiwa "tutaona." Hawakuona. Alizikwa huko huko, na nyumba yake sasa wanalala popo. Gari la kukodi nalo Bibi hakulitaka, kwa maelezo kwamba lina mwenyewe, na mwenyewe akiamka vibaya siku ya kurudi, yeye ndiyo kashakwama.

Basi wakavunja akiba, wakaanza kutafuta gari la milimani, lile la magurudumu yote manne kuvuta. Jipya lilikuwa ndoto ya mchana. La zamani lilipatikana kwa bwana mifugo mstaafu, mzee mrefu mwenye kofia ya kitambaa, aliyezunguka nalo vijijini miaka na miaka akitibu ng'ombe wa watu. Lilikuwa la rangi ya kijani iliyopauka, limenyooka kila upande kana kwamba limechorwa kwa rula, na ndani lilinuka dawa ya kuogeshea mifugo. Bwana mifugo hakuwa mwongo. Hilo tuliseme mapema, ili lawama isipotee njia.

"Nikueleze ukweli, ndugu yangu," alianza. "Mwili wake ni mkubwa, injini yake ndogo. Ni dizeli ya zamani, nguvu hana. Ila ukijua kumwendesha..."

"Washa kwanza," kinyozi akasema.

Bwana mifugo akawasha. Gari likatetemeka, likatoa wingu jeusi, kisha likatulia katika mngurumo mmoja mzito, laini, usiokatika. Kinyozi akainua mkono kuomba utulivu. Akainama juu ya boneti, akalaza sikio la kulia pale kwenye bati, akafumba macho. Mwili wake wote ukasisimka. Katika maisha yake hakuwahi kusikia mashine yenye pumzi tulivu namna ile.

Bwana mifugo, aliyezoea kuzungumza na watu wanaotazama ng'ombe badala ya kumtazama yeye, akaendelea na maelezo yake. Alieleza kuhusu mlima. Akazunguka mbele, akainama, akashika kitu kwenye gurudumu. Akaingia ndani, akagusa hiki, akavuta kile. Mke wa kinyozi alikuwa ameketi kiti cha abiria, mkoba mapajani, akitikisa kichwa na kuuliza maswali. Huyu mama alifanya kazi duka la dawa. Kazi yake ni kusikiliza dawa inavyotumika na kumweleza mgonjwa, kisha kumwambia, "Haya, nirudishie," na mgonjwa asiporudia sawasawa haondoki. Kinyozi hakusikia hata neno. Alikuwa kifuani kwa injini.

"Tunachukua," alisema alipoinuka, shavu moja jeusi kwa vumbi la boneti.

"Umesikia aliyosema?" mke wake akamuuliza njiani.

"Nimesikia kila kitu. Hii ni nzima kabisa. Wewe niachie mambo ya mashine."

Mke wake akamtazama kidogo, akatazama nje, akanyamaza. Kuna kunyamaza kwa mtu aliyekosa la kusema, na kuna kunyamaza kwa mtu anayeweka akiba. Yeye aliweka.

Barabara ya kurudi nyumbani ilikuwa tambarare, na hata hapo gari lilijivuta. Lilipitwa na mabasi, likapitwa na pikipiki zenye magunia, mwishoni likapitwa na bwana mmoja wa baiskeli ambaye alipunguza mwendo ili awasalimie vizuri. Kinyozi alisema injini bado inajizoesha. Kesho yake aliliegesha mbele ya kibanda chake cha kunyolea, na wateja wakatoka nje na povu shingoni kulitazama. Walilisifu kwa adabu. Walipoliona likiondoka jioni, hatua kwa hatua, limenyooka, halitazami kushoto wala kulia, mmoja wao akasema, "Jamani, bi harusi huyo anaingia ukumbini." Jina likaganda hapo hapo. Tangu siku hiyo lile gari likaitwa Bi Harusi, na kinyozi akajifanya hamnazo.

Jumapili wakaenda mlimani. Kinyozi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na kofia yake mpya, ambayo aliivua na kuitundika kwenye mkono mfupi wa chuma uliosimama pembeni mwa mkono wa gia. Aliona pametengenezwa kwa ajili ya kofia. Kwenye magurudumu ya mbele, katikati kabisa, kulikuwa na vitufe viwili vikubwa vya duara vyenye mshale. Hivyo alikuwa amevisugua kwa kiwi vikang'aa, kwa kuwa alivichukulia kuwa ni mapambo.

Mwanzo wa mlima Bi Harusi alipanda vizuri. Kona ya kwanza akapanda. Kona ya pili mngurumo ukaanza kushuka, ukawa mzito zaidi, ukawa wa kuomba. Kinyozi akaingiza gia namba moja, akakanyaga mafuta mpaka mguu ukagusa sakafu. Hakuna kilichobadilika isipokuwa moshi.

"Ngoja nishuke nipunguze uzito," mke wake akasema. Akashuka gari likiwa linatembea, wala hakuhitaji kuruka. Akafuata pembeni kwa miguu, mkoba begani. Baada ya muda alijikuta yuko mbele ya gari, akasimama kulingoja, kwa heshima tu. Kwenye tangi la maji la kijiji, nusu ya mlima, Bi Harusi akakohoa mara mbili, akatetemeka, akazima. Kimya kikaingia. Kisha akaanza kurudi nyuma taratibu, na kinyozi akakamata breki kwa mguu na mkono na maombi.

Akawasha, akajaribu tena, akazima tena. Mwisho ikabidi ashuke kinyumenyume mpaka kwenye kona, shingo imepinda, jasho likilowesha lile shati. Kofia ilikuwa bado imetulia kwenye ule mkono mfupi wa chuma.

Hawajafika chini, simu ya mke wake ikaita. Alikuwa Bibi.

"Nimelisikia," Bibi alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililoumiza zaidi. "Limefika tangini, likakohoa, likageuka. Mwambie mumeo asijiue bure. Mimi nipo tu hapa."

Mke wa kinyozi alikata simu, akaishika kwa mikono miwili. Kinyozi alimwona analia bila sauti, na moyo ukamchoma. Alitamani aseme neno la kumfariji. Badala yake akasema, "Tatizo ni mafuta. Yule wa kituo katuuzia maji."

Wiki ile ilikuwa ya uzito kwake. Alibadilisha mafuta, akasafisha chujio, akatoa gurudumu la akiba na hata kiti cha nyuma ili kupunguza kilo. Alirudi mlimani na kurudi tena, mwenyewe, jioni baada ya kazi, na kila mara tangi la maji lilimpokea na kumrudisha. Watu wa kule wakaanza kulikuta gari pale na kulisalimia. Kibandani wateja waliuliza habari za bi harusi, na kama ameshakubaliwa ukweni. Hilo lilimkaa vibaya, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hasa. Upande wa milima mawingu yalianza kukusanyika, meusi, yamelala, hayana haraka. Usiku mke wake aliketi kitandani hata kabla mvua haijapiga bati.

Siku moja kinyozi aliletewa kijana mwenye nywele nzito kupindukia, na umeme ulikuwa mdogo siku hiyo. Mashine ilikuwa ileile nzuri, mlio uleule mzuri, lakini ilipogusa nywele ikaanza kulalamika. Kinyozi hakuilazimisha. Akaiinua, akabadilisha kitana cha mashine, akapunguza kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka. Mkono wake ulikuwa ukifanya hivyo wenyewe, bila kufikiri, na ghafla akasimama katikati ya kichwa cha mtu. Mashine ilikuwa nzima sikioni siku zote. Kuinunua kwa sikio ni jambo moja, na kujua inavyotumika kwenye nywele nzito ni jambo jingine, na hilo la pili yeye alifundishwa na kinyozi mzee kwa maneno. Mtu alisema, yeye akasikiliza. Na kuhusu gari pia kuna mtu alisema.

Alifunga kazi mapema. Alimkuta mke wake jikoni anachambua mchele kwenye ungo. Akavuta kigoda, akakaa. Akasafisha koo. Akasifu mchele. Akauliza kama bei ya dawa imepanda. Mke wake alijibu yote hayo kwa upole huku akitupa vijiwe pembeni, kwa kuwa alijua kinachokuja na hakutaka kukiharakisha.

"Mke wangu," hatimaye alisema. "Yule bwana mifugo, siku ile. Alisema nini?"

Mke wake akaweka ungo chini. "Alisema mengi. Wewe ulikuwa unazungumza na boneti."

"Najua. Nilikosea. Hata wewe ulipotaka kuniambia nilikufunga mdomo, na mama bado yuko kule juu." Akasogeza kigoda karibu. "Niambie, tafadhali."

Hapo ndipo mke wake alipoweza kumcheka. Alijikaza, lakini haikuwezekana. Aliangua kicheko mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga. Kisha akakaa sawa, na sura yake ikawa ile ya dukani.

"Sikiliza. Alisema gari hili halipandi mlima kwa nguvu, linapanda kwa subira. Ukifika chini, simamisha kabisa. Shuka, vile vitufe vya magurudumu ya mbele uvizungushe mpaka mshale uelekee alama, ndipo magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta. Rudi ndani. Gia ya kawaida iweke huru. Halafu ule mkono mfupi..."

"Wa kofia?"

"Wa kofia. Uvute nyuma mpaka ushike. Ndiyo gia ya mlima. Halafu gia namba moja, achia klachi, na usikanyage mafuta kwa fujo. Liache litembee lenyewe. Litakwenda mwendo wa ng'ombe mgonjwa, alisema hivyo hivyo, lakini halitasimama. Haya, nirudishie."

"Nimeelewa."

"Sijakuuliza kama umeelewa. Nirudishie."

Kinyozi akarudia. Alisahau vitufe, akarudishwa mwanzo. Akarudia tena, akasahau kusimamisha gari kabisa, akarudishwa mwanzo. Mara ya tatu akasema yote bila kukosea, na mke wake akaokota ungo wake akaendelea na mchele. Kinyozi alibaki amekaa pale kwenye kigoda. Kitu kimoja kilimsumbua.

"Kwa nini hukuniambia wiki nzima hii?"

"Nilijaribu mara mbili," alijibu mke wake. "Mara ya kwanza ulisema ni mafuta. Mara ya pili ulisema ni chujio. Na mimi niliona uchungu, nikasema basi, akitaka ataniuliza. Nilikosea na mimi. Haifai kukomoana wakati mama bado yuko kule juu."

Asubuhi iliyofuata, kiti cha nyuma kikiwa kimerudishwa na mawingu yakiwa yameshashuka mpaka mabegani mwa mlima, walisimamisha gari mahali njia inapoanza. Kinyozi akashuka, akazungusha vitufe vyake vilivyong'aa. Akarudi ndani, akaivaa kofia kichwani, akavuta ule mkono mfupi. Ukagoma kidogo, kisha ukaingia kwa mshindo uliosikika miguuni. Akaachia klachi.

Bi Harusi akaanza kupanda. Mngurumo ulikuwa mwingine kabisa, wa juu, wa kelele, hauna uzuri wowote, na kinyozi alitaka kuegemea ausikilize. Akajizuia. Alitazama njia. Walipita kona ya kwanza, wakapita kona ya pili. Kuku mmoja aliwatangulia kwa muda mrefu, akachoka kuwangoja akaingia vichakani. Walipofika tangi la maji kinyozi aliacha kupumua, mke wake akashika kishikio cha mlango, na gari likapita tangi kwa mwendo wake uleule, bila habari kwamba mahali pale paliwahi kuwa na tatizo. Mke wa kinyozi alipiga makofi mara moja, peke yake, kisha akaficha mikono mapajani.

Bibi alikuwa amelisikia tangu chini. Aliposikia limepita tangini, alianza kufungasha. Alipata nafasi ya kukunja nguo, kuoga, kumkabidhi jirani kuku na kunywa chai, na bado akawahi kutoka nje na kiti chake, akakaa mlangoni kulisubiri. Likatokea kwenye ukingo wa uwanja, likaja, likasimama hatua chache kutoka miguuni pake.  Aliinuka kwa fimbo, akalizunguka, akagusa boneti kwa kiganja.

"Limepanda," alisema.

"Limepanda, mama," kinyozi akajibu.

"Na litapanda tena mvua zikiisha?"

"Litapanda. Na hata mimi nisipokuwepo, mwanao anajua linavyopandishwa. Ndiye aliyenifundisha."

Bibi akamtazama mkwe wake kwa muda, kisha akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ghafla na shughuli nyingi na mabegi. Akafunga mlango wa nyumba yake kwa kufuli, akavuta mara mbili kuhakikisha, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo. Wakamwinua, wakamweka kiti cha mbele.

Walishuka kwa gia ileile ya mlima, injini ikizuia gari na kelele zikijaza kila pembe. Hawajaenda mbali, kinyozi aliona kwa pembeni midomo ya Bibi ikicheza. Alikuwa akimwambia kitu. Zamani angetikisa kichwa, angesema "ndiyo, mama," na kuendelea kuisikiliza injini. Sasa alisimamisha gari, akavuta handbreki, na akafanya jambo ambalo mwenye dizeli ya zamani halifanyi ovyo mlimani: akazima.

Kimya kilikuwa kikubwa. Mvua ilisikika ikianza mbali.

"Umesemaje, mama?"

"Nimesema punguza mwendo," Bibi alisema. "Unakimbia. Yule jirani aliyeniokota amesimama pale mlangoni kwake, nataka nimuage vizuri, aone kwamba nimekaa mbele."

Kwa nyuma, mke wa kinyozi aligeukia dirisha, mabega yakitikisika. Tangu gari lile litoke kiwandani, hakuna binadamu aliyewahi kuliambia lipunguze mwendo, na kinyozi alijisikia mtu mwenye gari kwa mara ya kwanza. Lakini hakucheka wala hakubisha.

"Nipunguze mwendo," alirudia neno kwa neno, na hakuna aliyemwambia arudie. "Nipite taratibu mlangoni kwa jirani, umuage, na yeye aone kwamba umekaa mbele."

"Umesikia," Bibi akasema, na kinyozi akawasha gari.